Kombolela ya watu wazima

Ukitaka kuona wanafunzi wa chuo wamekusanyika bila kukutana, nenda kwenye bonanza. Ishirini na wawili wako kwenye mpira wa miguu, kumi na wanne kwenye netiboli, na waliobaki, ambao ndio wengi, wamejipanga kivulini na simu mkononi wakisubiri soda na pilau. Jioni wanarudi mabwenini na fulana mpya na marafiki walewale waliokwenda nao. Sisemi mabonanza yafutwe. Pilau yake niliila miaka yote. Lakini nilipokabidhiwa michezo ya darasa letu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikuwa na sharti moja tu: wachezaji wawe wengi kuliko watazamaji.

Kazi yenyewe sikuigombea. CR, mwakilishi wa darasa, alinitaja kwa sababu nina sauti ya mnadani, basi. Tulikuwa mwaka wa kwanza, darasa kubwa, na kila mtu bado amejibanza kwa watu wake. Waliotoka seminari walikaa safu moja. Wa Unguja na Pemba walikuja pamoja wakaondoka pamoja. Sisi wa shule za kata tulijazana nyuma, karibu na mlango. Mhadhiri akitupanga kwenye makundi kwa namba za usajili, mnakutana kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege chini ya miti, mnatazamana kama abiria wa daladala.

Kabla hata ya kufikiria mchezo, siku ilitutoa jasho. Ijumaa mchana watu wako msikitini, na jioni wenye ndugu mjini wanaondoka. Jumamosi Wasabato wako ibadani mpaka jua lizame. Jumapili asubuhi ni makanisa, na Jumapili usiku kila mtu anakumbuka kwamba kesho kuna test. Ikabaki Jumapili alasiri, baada ya swala, mpaka adhana ya magharibi. Saa mbili na ushee. Tukaishika hiyo, na baadaye niliona kwamba ufupi wake ndio uliotusaidia: watu walikuwa wanaondoka bado wana hamu. Mwezi wa Ramadhani tuliacha michezo ya kukimbia tukahamia ile ya kukaa.

Tulianza na nyama nyama, mchezo ambao kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania aliucheza. Kiongozi anaimba "nyama nyama nyama," wote wanaitikia "nyama!" Kisha anataja mnyama. "Nyama ya ng'ombe!" mnaruka na kuitikia. "Nyama ya mbuzi!" mnaruka. "Nyama ya fisi!" unatulia, na atakayeruka ametoka. Nilidhani utakuwa wa kupasha misuli tu, dakika kumi, tuhamie kwingine. Kumbe watoto wa darasa la pili wa kijiji kimoja wanakula vitu vilevile. Wanafunzi wa chuo kikuu hawali vitu vilevile.

Kiongozi akaita "nyama ya senene!" Darasa likatulia, ila kijana mmoja wa Bukoba aliruka peke yake, mikono juu, "Nyama!" Kicheko kikamwangukia. Hakutoka. Alisimama katikati akadai haki yake: senene wanaliwa kwao tangu enzi na enzi, msimu wao ukifika Novemba mtaa mzima hauna habari nyingine, na asiyejua utamu wake asimhukumu. Tukampigia kura, akashinda. Hapo ndipo sheria yetu ilipozaliwa. Anayeruka peke yake hatoki. Anapewa dakika moja ajitetee, na umati unaamua kama hiyo ni nyama au siyo.

Baada ya hapo mchezo ukawa bunge. Dada wa Newala aliruka kwenye "panya" na kutufundisha kwamba kusini wanamwita samaki nchanga, kwamba panya wa shamba anakula mihogo na karanga, na kwamba ni msafi kuliko kuku wa mjini anayechakura jalalani. Hoja hiyo ya kuku haikupata mpinzani. Kwenye "pweza" watu wa pwani waliruka kwa pamoja huku wa bara wakiwatazama kwa huruma. Mtani mmoja akaita "nyama ya mbwa!" akimkazia macho jamaa wa Iringa, na jamaa akaruka makusudi, juu kuliko wote. Nguruwe tulikubaliana asitajwe. Si kwa kuogopa. Ubishi wake tunaujua wote na hauna jipya.

Jumapili hiyo watu waliondoka wakijua nani anatoka wapi na mama yake anapika nini. Wiki nzima iliyofuata yule wa Bukoba aliitwa Senene, na alipoletewa kifurushi kutoka nyumbani aliwalisha hata waliompigia kura ya hapana.

Rede iliingia kwa mlango wa wanawake. Vijana wa kiume wengi waliuona ni mchezo wa dada zao, na dada zao ndio waliowaadhiri. Mpira tulitengeneza wenyewe: soksi iliyojazwa karatasi na mifuko, ikafungwa imara. Warushaji wawili wanasimama huku na huku, wa katikati wanakwepa, na kila anayekwepa anatakiwa pia ainame kujaza mchanga kwenye chupa. Sasa mtazame mshambuliaji wa timu ya kitivo, kifua mbele, viatu vyenye njumu. Alipigwa mpira wa kwanza mgongoni. Wa pili, mgongoni tena. Mpira wa miguu unamfundisha mtu kuukimbilia mpira. Rede inamtaka aukimbie, na mwili wake haukukubali. Pembeni yake msichana mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akiuliza swali darasani alikaza kanga kiunoni akajaza chupa mpaka shingoni bila kuguswa.

Rede ina dosari moja, na ndiyo iliyonifanya nianze kuitazama michezo kwa jicho jingine. Ukipigwa, unatoka. Unakaa pembeni. Unatoa simu. Dakika tano baadaye nusu ya watu wako pembeni na simu zao, na umerudi kwenye bonanza lilelile. Tena wanaotoka mapema ni walewale kila wiki: mnene, mwenye aibu, aliyevaa sketi ndefu, ambao ndio hasa uliotaka wacheze. Tukaipa rede kiraka. Anayejaza chupa ikajaa anamrudisha mwenzake mmoja uwanjani. Ghafla walioko nje wakawa na kazi ya kumshangilia aliyeko ndani, kwa kuwa tiketi yao iko mikononi mwake.

Lakini kuna mchezo ambao haukuhitaji kiraka chochote, umezaliwa nao, na huo ndio ninaomshauri kila anayeniuliza aanze nao.

Kombolela, kwa aliyesahau, unahitaji kopo na watu. Kopo linarushwa mbali. Mkamataji analifuata na kulirudisha mahali pake, na wakati huo wote wengine wanajificha. Akikuona, anakimbilia kopo, analikanyaga na kukutaja jina. Umekamatwa, unakuja kusimama karibu na kopo. Ila akitokea mmoja ambaye hajakamatwa, akalifikia kopo kabla ya mkamataji na kulipiga teke, mateka wote wako huru na kazi inaanza upya.

Tazama mambo mawili hapo. La kwanza, aliyekamatwa hajatoka mchezoni. Yeye ndiye mwenye shauku kuliko wote, anapiga kelele za kuomba kukombolewa, anampotosha mkamataji, anamkonyeza aliyejificha. Simu haikumbukwi. La pili, ambalo utotoni hatukuliona kwa sababu mtaani tulijuana wote, ni kwamba kumwona mtu hakutoshi. Lazima ulijue jina lake. "Wewe wa shati la njano, kombolela!" haimkamati mtu. Sisi tuliongeza kwamba ukikosea jina, mateka wote wanaachiwa.

Jumapili ya kwanza ya kombolela, mkamataji alikuwa kijana hodari, ana mbio, ana macho. Aliona watu kila kichaka na hakuweza kumkamata hata mmoja. Anafika kwenye kopo, anakanyaga, anafungua mdomo, kimya. "Eeh… yule… Anna?" Si Anna. Umati unalipuka. Alikuja kukaa chini mwenyewe, kachoka, akasema darasa hili hajui mtu. Wiki iliyofuata alikuja na majina. Alikuwa ameketi na orodha ya mahudhurio akiuliza huyu ni nani na yule ni nani.

Hapo wengine nao wakajitengenezea ujanja. Wasichana wawili walibadilishana mitandio, mkamataji akaona ncha ya mtandio wa buluu nyuma ya ukuta akataja jina la mwenye mtandio, kumbe ndani yake yumo mwingine. Wavulana wakabadilishana kofia na mashati. Ili usidanganywe ilibidi umjue mtu kwa mwendo wake, kwa visigino vyake, kwa namna anavyocheka akijizuia. Jamaa mmoja mwenye mwili mkubwa, ambaye kwenye rede alikuwa hamalizi dakika, alijificha nyuma ya kimbweta hatua chache kutoka kwenye kopo kwa kuwa hakuwa na pumzi za kwenda mbali. Wote tulikamatwa, yeye hakuonekana. Mkamataji alipozunguka kumtafuta huko mbali, jamaa akanyanyuka taratibu, akatembea, wala hakukimbia, akalipiga kopo teke. Sijawahi kuona mtu akibebwa juu kwa shangwe na watu waliokuwa wanashindwa kumbeba.

Jumatatu watu walianza kusalimiana kwa majina kwenye korido. Makundi ya kazi yakapata mwenye kompyuta, mwenye mwandiko, na mwenye ujasiri wa kusimama mbele. Bumu, zile fedha za mkopo wa wanafunzi, lilipochelewa, mtu alijua wa kumwendea.

Usiku, hasa umeme ukikatika, tulicheza mafia. Watu wakisikia jina hilo Dar es Salaam wanafikiria kisiwa cha Mafia, boti na papa potwe, lakini huu ni mchezo wa kukaa duara. Ni mchezo wa chuoni tangu mwanzo: aliubuni Dimitry Davidoff mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Moscow. Wazo lake ni jepesi na kali. Wachache wanajuana, wengi hawajuani. Usiku wote wanafumba macho, wale wachache wanafumbua na kuchagua wa kumwua. Mchana wote wanabishana na kupiga kura ya kumtoa wanayemshuku. Kwa watu kumi, wauaji wawili wanatosha.

Kuna wanaoucheza kwa kuwaita wauaji wachawi. Tulipopendekeza hivyo, mwenzetu wa Shinyanga alikataa, bila hasira. Alisema kwao bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na yeye hawezi kukaa duara akicheka huku watu wanapiga kura nani ni mchawi. Hakuna aliyebisha. Wakawa majangili, na wanakijiji wakawa askari wa hifadhi, na mchezo haukupungua utamu hata kidogo.

Mtu atasema mafia inawatoa watu kama rede. Inawatoa kweli, lakini aliyekufa anapewa kitu ambacho aliye hai hana: anaruhusiwa kukaa macho wazi usiku na kuona nani anaua. Nimewaona wafu wakijifunika midomo kwa kanga ili kicheko kisiwatoroke, wakimtazama jangili anavyoapa kwa Mungu kwamba yeye ni askari. Wanasheria wetu watarajiwa walikuwa waongo wabovu ajabu. Mwongo bora kuliko wote alikuwa mwanakwaya.

Bao nalipenda, na ndiyo maana sitalisema sana, nisije nikamaliza kurasa. Ubao hatukuwa nao. Tulichukua trei mbili za mayai, zile za mashimo 30, tukakata kila moja kipande cha nne kwa nne, tukaunganisha: mashimo 32, safu nne za nane. Kete za asili ni komwe. Zetu zilikuwa 64 za mbegu za ubuyu, na kila mchezo uliishia kwa kutafuta aliyezila. Mzee wa bao alikuwa kijana wa Unguja ambaye babu yake alimkalisha barazani tangu mdogo. Aliwaanzisha watu kwa bao la kujifunza, mbili mbili kila shimo, na waliohitimu ndio aliowafundisha nyumba na kunamua, kanuni za bao kamili. Bao ni la watu wawili, lakini tulicheza kwa pande, watano watano, kila upande unashauriana kabla ya kucheza. Ubishi wake ulikuwa mtamu kuliko mchezo. Drafti ya vizibo vya soda iliendelea yenyewe pembeni, anayefungwa anapisha. Karata tuliruhusu mpaka zilipoanza kunusa fedha, tukazifunga.

Ukweli au kitendo tuliuacha mapema. Najua vyuo vingi wanaupenda. Mimi sioni raha katika mchezo ambao furaha ya watu kumi na tisa inatoka kwenye aibu ya mmoja, na kila mara swali linaishia palepale: umewahi kuwa na nani, umbusu nani. Wasichana wawili waliacha kuja. Tulipoufuta wakarudi.

Kuvuta kamba ndiko kulikokuja na watu waliodharau mengine yote. Wengine hawajui kwamba ulikuwa mchezo wa Olimpiki tangu 1900 hadi 1920, na kwamba watumishi wa serikali wanaukamia hasa kwenye mashindano yao ya SHIMIWI. Nguvu zina nafasi ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Timu ya wanawake iliwavuta wanaume wa mwaka wa pili kwa sababu ilikuwa na mtu wa kuhesabu, wote wakaegemea nyuma kwa sauti moja, miguu mbele, na kati ya mvuto na mvuto walitulia tu wakiachia uzito wa miili ufanye kazi. Wanaume kila mmoja alivuta kivyake. Kitu ambacho sikuwa na mzaha nacho ni mikono: marufuku kuizungusha kamba kwenye kiganja au kuifunga kiunoni. Mwaka 1997 mjini Taipei kamba ilikatika ikivutwa na umati mkubwa, na wanaume wawili walinyofolewa mikono. Niliwaambia hilo kila Jumapili, mpaka wakawa wananimalizia sentensi.

Gharama? Kamba tuliazima kwa mafundi, kopo tuliokota, soksi kila mtu ana moja iliyofiwa na mwenziwe. Mchango ulikuwa wa mihogo ya kukaanga na chachandu, na mihogo ilihitaji mlinzi kwa sababu ya tumbili. Mlinzi huyo alikuwa mtu muhimu. Kila kundi lina wasiotaka kucheza, na ukiwalazimisha unawapoteza. Ukiwapa kazi ya kushika saa, kuandika alama, au kulinda mihogo, wanakuwa ndani, na baada ya wiki chache wengine wao wanaomba wenyewe kuingia.

Tulikuwa na mwenzetu asiyeona. Mwanzoni alipewa kazi hizo za pembeni, na alizifanya kwa adabu, mpaka siku alipouliza kwa nini yeye tu ndiye haulizwi anataka kucheza nini. Vitendawili alikuwa anatumaliza wote. "Kuku wangu katagia mibani" kwake ilikuwa ya watoto wachanga, hata nanasi hakuona haja ya kulitaja. Lakini vitendawili ni vya kukaa, na yeye alitaka kukimbizana.

Tukampa kombolela. Alisimama kwenye kopo na msaidizi mmoja wa kumzungusha, ikakubaliwa kwamba kwake kusikia ni kuona. Hapo ndipo tulipojua kwamba darasa zima yeye ndiye aliyekuwa anatujua wote kwa majina kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa alitushika kwa sauti tangu wiki ya kwanza. Alimtaja mmoja kwa kikohozi. Mwingine kwa kandambili. Wawili waliobadilishana mitandio aliwakamata wote kwa pamoja, mitandio haikumhusu.

Yeye ndiye aliyetuambia habari za goliboli, mchezo wenye mpira wa njuga ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani, na ambao sasa uko kwenye Michezo ya Paralimpiki. Mpira wa njuga hatukuwa nao, tukaweka kokoto kwenye chupa ya maji. Tukajifunga vitambaa machoni, watatu kila upande, chupa inaviringishwa chini, na unaidaka kwa kujilaza unaposikia kokoto zinakuja. Watazamaji walilazimika kukaa kimya kabisa, jambo ambalo darasa letu halikuwahi kulifanya hata kwenye mhadhara. Sisi tulijilaza kushoto chupa ikapita kulia. Tulirusha kuelekea golini kwetu. Mmoja aliidaka kandambili. Mwenzetu alidaka kila kilichokuja upande wake, mpaka nusu saa ilipopita akasimama, akajipangusa vumbi, akatangaza kwamba haendelei kukaa golini, apewe ushambuliaji, kwa sababu amechoka kudaka mipira ya watu wasioona.